Safari ya darasa kwenda Mombasa na kurudi siku hiyo hiyo: mambo ambayo wazazi na shule wanafaa kupanga mapema

Muhula wa pili ukianza, shule nyingi za Taita Taveta huanza kuzungumzia safari ya Mombasa. Kwa mtoto wa Gredi ya 6 kutoka Kasigau, Mgange au Mwatate, huenda hiyo ikawa mara yake ya kwanza kuiona bahari, meli, au barabara yenye taa za kuongoza magari. Ni siku ambayo ataisimulia kwa miaka. Pia ni siku ambayo mwalimu mmoja au wawili hubeba jukumu la watoto arubaini na zaidi katika barabara yenye malori mengi na katika mji wasiouzoea. Ndiyo maana maandalizi yake hayafai kuanza wiki moja kabla ya kuondoka.

Swali ambalo wazazi wengi huuliza kwanza ni nani anayetoa kibali. Kulingana na Mpangilio wa Nne wa Katiba, serikali ya kaunti inasimamia elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya mashinani. Shule za msingi, sekondari ya chini na sekondari ya juu ziko chini ya serikali ya kitaifa kupitia Wizara ya Elimu. Kwa hiyo safari ya Gredi ya 6 au ya 8 hupangwa na mwalimu mkuu, hujadiliwa na bodi ya usimamizi wa shule, kisha barua hupelekwa katika ofisi ya Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti Ndogo. Afisi za kaunti au za wadi hazina mamlaka ya kutoa kibali hicho, na mzazi anayefunga safari hadi huko kukitafuta atakuwa amepoteza siku yake bure.

Watoto wa chekechea ni suala lingine. Hao wako chini ya kaunti, na ushauri ni mfupi: Mombasa ni mbali mno kwao kwa siku moja. Mtoto wa miaka mitano hujifunza mengi katika stesheni ya treni ya Voi, sokoni, au kwenye kituo cha afya kilicho karibu, na bado akarudi nyumbani kwa wakati wa kulala mchana.

Siku moja ni saa ngapi?

Makosa mengi katika safari hizi huanzia kwenye saa. Kutoka Voi hadi kisiwa cha Mombasa ni takriban kilomita 160. Mabasi ya abiria hayaruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na hesabu ya karatasini itasema saa mbili tu. Barabarani mambo ni tofauti. Kuna malori ya bandari tangu Maungu, kuna msongamano kuanzia Mariakani, Mazeras, Miritini hadi Changamwe, na kuna watoto wanaohitaji kwenda msalani. Shule yenye busara huhesabu saa tatu na nusu kwenda na saa nne kurudi.

Sasa hesabu ianzie mwisho. Jua katika eneo letu huzama kati ya saa 12:00 na saa 12:45 jioni kutegemea mwezi. Basi likitakiwa kuwa uwanjani mwa shule saa 12:00 jioni, ni lazima liondoke Mombasa saa 8:00 mchana. Likiondoka Voi saa 12:00 asubuhi, litafika kisiwani karibu saa 3:30. Kati ya saa 3:30 na saa 8:00 ni saa nne na nusu. Hiyo ndiyo safari yenyewe, na ndani yake kuna chakula cha mchana.

Ratiba zinazoorodhesha Fort Jesus, bandari, uwanja wa ndege, Haller Park na ufuo wa bahari katika siku moja huwa zimeandikwa na mtu ambaye hakuihesabu barabara. Kinachotokea ni kwamba watoto hutazama mji kupitia dirisha la basi, walimu hupiga kelele za kuharakisha, na saa 11:00 jioni basi ndiyo kwanza linatoka Changamwe. Kutoka hapo hadi Voi ni giza.

Giza hilo si jambo la kupuuza. Wizara ya Elimu imesisitiza mara nyingi kwamba wanafunzi wasisafirishwe usiku. Barabara hii pia ina mambo yake: malori yaliyoharibika na kuachwa kando bila taa, madereva waliochoka, na katika sehemu zinazopakana na Tsavo, ndovu na wanyama wengine wanaovuka. Wakazi wa Maungu hawajasahau Machi 2024, basi lililobeba wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa katika safari ya masomo kuelekea Pwani lilipogongana na trela katika eneo hilo, na wanafunzi 11 wakapoteza maisha.

Shule za Wundanyi, Werugha na vijiji vya milimani zina saa moja zaidi ya kuhesabu kila upande, tena kwenye kona kali za kuteremka Mwatate. Haifai kuondoka saa 10:00 alfajiri ili kufidia muda huo. Ni afadhali kwenda mahali pamoja tu na kurudi. Kwa shule za Taveta, umbali wa kufika Voi pekee ni zaidi ya kilomita 100, na safari ya Mombasa ya siku moja haiwezekani kwa usalama. Shule hizo ama zipange malazi ya usiku mmoja katika shule mwenyeji, ama zichague mahali pa karibu zaidi.

Wazazi wengine hupendekeza treni. Kwa safari ya kwenda na kurudi siku moja kutoka Voi, ratiba haikubaliani. Treni ya asubuhi inayosimama katika vituo vya njiani huanzia Nairobi, nayo hupita Voi karibu na adhuhuri, na ile inayotoka Mombasa asubuhi huwa imeshaondoka. Tena kituo cha mwisho kiko Miritini, na darasa bado litahitaji usafiri mwingine wa kufika mjini.

Mahali pawili panatosha

Kwa saa nne na nusu, Fort Jesus na bustani ya Mama Ngina ufuoni zinatosha kabisa. Zote ziko kisiwani na haziko mbali moja na nyingine, na basi halilazimiki kuvuka daraja lolote kati yake.

Fort Jesus si ukuta wa zamani tu. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 ili kulinda bandari. Mwezi Machi 1696 ikazingirwa na majeshi ya Omani, na mzingiro huo ukadumu hadi Desemba 1698 ngome ilipoanguka. Meli ya Kireno iitwayo Santo António de Tanna, iliyokuja kuwaokoa waliokuwa ndani, ilizama mwaka 1697 mbele ya ngome, na vitu vilivyotolewa majini vimewekwa katika makavazi. Waingereza waliigeuza kuwa jela kuanzia mwaka 1895 hadi 1958. Mwaka 2011 UNESCO iliiorodhesha kuwa turathi ya dunia. Mtoto aliyesimuliwa haya darasani wiki moja kabla atauliza maswali yake mwenyewe akifika. Asiyesimuliwa ataona mizinga, atapigwa picha na kuuliza chakula kiko wapi.

Bustani ya Mama Ngina, iliyokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2019, ina mibuyu mikubwa, upepo na nafasi ya kukaa. Watoto wakiwa wanakula, meli za mizigo hupita mbele yao zikiingia Kilindini. Hapo mwalimu wa somo la jamii hahitaji ubao: malori waliyoyapita Mackinnon Road asubuhi yametoka kwenye meli kama hizo.

Shule inayopendelea sayansi na mazingira inaweza kubadilisha na kwenda Haller Park, Bamburi. Eneo hilo lilikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji, ardhi tupu isiyoota kitu, hadi mwaka 1971 René Haller alipoanza kupanda mivinje na kuirudishia uhai. Ni huko pia alikopelekwa kiboko mchanga Owen, aliyeokolewa baharini Desemba 2004 wakati wa tsunami, akafanya urafiki na kobe mzee aitwaye Mzee. Lakini Bamburi iko upande wa kaskazini mwa kisiwa, ng'ambo ya daraja la Nyali. Ukichagua Haller Park, iache Fort Jesus.

Kuogelea baharini kusiwe sehemu ya safari ya siku moja. Watoto wengi wa kwetu hawajui kuogelea, maji hupanda na kushuka, na mwalimu mmoja hawezi kulinda vichwa kumi ndani ya mawimbi.

Wakati mzuri ni Juni au Julai. Mvua ya masika huwa imepungua na joto la Pwani limetulia. Muhula wa tatu ni wa mitihani ya kitaifa, na kwa kawaida Wizara huzuia shughuli za nje ya shule.

Gharama, na mtoto asiyeweza kulipa

Sehemu hii ndiyo huleta manung'uniko mengi, na inafaa kuelezwa kwa tarakimu. Hesabu ifuatayo ni mfano tu, kwa kuwa bei hubadilika.

Tuseme darasa lina watoto 45. Basi, mafuta, posho ya dereva, gharama za watu wazima watano na akiba ya dharura vinafika shilingi 33,750. Kiasi hicho hakibadiliki hata watoto wakiwa wachache. Chakula na kiingilio cha kila mtoto ni shilingi 250, yaani shilingi 11,250 kwa watoto wote. Jumla ni shilingi 45,000, au shilingi 1,000 kwa kila mtoto.

Sasa tuseme shule imesema asiyelipa abaki nyumbani, na wakajitokeza watoto 30 pekee. Basi bado ni lile lile. Jumla inakuwa shilingi 41,250, na kila mmoja analipa shilingi 1,375. Kwa maneno mengine, kuwaacha watoto nyumbani hakumpunguzii mzazi mwingine mzigo. Kunauongeza.

Tuseme badala yake wote 45 wanaenda, lakini wazazi watano hawana uwezo. Wazazi 40 wakigawana shilingi 45,000, kila mmoja analipa shilingi 1,125. Tofauti ni shilingi 125 tu, na watoto watano wameiona bahari pamoja na wenzao. Jambo hili likiwekwa wazi katika mkutano wa wazazi, kwa hesabu ubaoni, mara nyingi hupita bila ubishi. Majina ya wale watano hayahitaji kutajwa popote. Mwalimu wa darasa akiyajua inatosha.

Malipo yakianza mwishoni mwa Januari, shilingi 1,125 ni shilingi 75 kwa wiki kwa wiki 15 za masomo, likizo ya Aprili ikiachwa nje. Kibarua wa shamba la katani au mama anayeuza mboga anaweza kupata shilingi 75. Shilingi 1,125 zinazodaiwa kwa barua ya Ijumaa ili zilipwe Jumatatu hawezi.

Sheria nayo ina la kusema. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinakataza mtoto kuzuiwa kuhudhuria shule kwa sababu ya kutolipa tozo, na kinataka kila malipo yatolewe risiti rasmi. Mtoto ambaye hakulipia safari hafukuzwi darasani, hanyimwi mtihani, wala hazuiliwi ripoti yake. Na mzazi aliyemkabidhi mwalimu pesa mkononi bila kupewa risiti ana haki ya kuidai. Ni vyema malipo yapitie akaunti ya shule badala ya simu ya mtu binafsi, hata kama mtu huyo anaaminika.

Basi na dereva

Kama shule haina basi lake na inakodi, mwalimu mkuu pamoja na mzazi mmoja wa bodi waone stakabadhi kwa macho yao kabla ya kulipa amana: cheti cha ukaguzi wa gari, bima inayohusu abiria, leseni ya huduma ya barabarani kutoka NTSA, na leseni ya dereva ya daraja linalolingana na gari, ambalo kwa basi kubwa ni D3. Waingie ndani na kuvuta mikanda ya viti. Mkanda uliokatika Jumatano hautakuwa umerekebishwa Ijumaa bila mtu kufuatilia.

Kila mtoto awe na kiti chake. Watoto watatu hawakai kwenye viti viwili kwa sababu ni wembamba. Basi la abiria 51 hubeba watoto 45 na watu wazima watano, na hapo limekaribia kujaa. Ndugu wa dereva, rafiki wa mwalimu au mzazi aliyejikumbusha asubuhi hiyo kwamba ana shughuli Mombasa hana nafasi.

Dereva aulizwe alilala wapi na saa ngapi. Ni swali linaloweza kuonekana la kukosa adabu, lakini dereva aliyerudi kutoka Nairobi saa 8:00 usiku hafai kushika usukani saa 12:00 asubuhi. Mwalimu anayeongoza safari aketi mbele, na awe na ruhusa ya bodi kumwambia dereva apunguze mwendo.

Watoto tisa, mtu mzima mmoja

Njia inayofanya kazi ni kuligawa darasa katika vikundi vya watoto tisa, kila kikundi na mtu wake mzima tangu asubuhi hadi jioni. Awe mwalimu au mzazi, lakini asibadilishwe. Watoto wapewe nambari ndani ya kikundi. Kila wanapopanda na kushuka basi, watu wawili tofauti wahesabu, kila mmoja kivyake, na dereva asiwashe gari hadi idadi zao zilingane. Watoto huachwa nyuma pale ambapo kila mtu mzima alidhani mwenzake amehesabu.

Kila mtoto awe na kadi mfukoni yenye jina la shule na nambari mbili za simu za walimu walio safarini. Isitundikwe shingoni na jina la mtoto kwa herufi kubwa, kwa sababu mgeni akilisoma anaweza kumwita mtoto kana kwamba anamfahamu. Wafundishwe kabla ya safari kwamba anayepotea asimame pale pale, asizunguke kutafuta, na akihitaji msaada amwendee polisi au askari wa lango. Nambari za dharura za polisi ni 999 na 112. Nambari ya 116 ni ya kuwasaidia watoto na haitozwi malipo.

Fomu ya idhini isiwe ya sahihi pekee. Iulize kuhusu pumu, kifafa, selimundu, mzio wa chakula na dawa anazotumia mtoto. Mtoto mwenye pumu abebe kivutio chake mwenyewe, kisiachwe kwenye buti la basi. Wanaotapika safarini wakae mbele karibu na dirisha, na mifuko ya plastiki isitumike, kwa kuwa imepigwa marufuku tangu 2017. Kopo lenye kifuniko linatosha. Wasichana wapewe sodo za ziada kupitia kwa mwalimu wa kike bila kuombwa. Mtoto anayetumia kiti cha magurudumu naye asiachwe: Fort Jesus ina ngazi na sakafu ya mawe isiyo sawa, kwa hivyo shule ipige simu mapema na kuuliza sehemu anazoweza kufika.

Chakula kiwe kile kisichoharibika kwa joto: chapati, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, ndizi, na maji ya kutosha. Mchuzi na nyama vilivyopikwa saa 9:00 usiku vitakuwa vimechacha adhuhuri. Pesa za mfukoni ziwekewe kiwango, tuseme shilingi 100, ili mtoto wa mwenye duka asirudi na mzigo wa mabuyu na achari huku jirani yake akimtazama.

Picha za watoto zisisambazwe ovyo kwenye makundi ya WhatsApp wala kubandikwa Facebook. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahitaji idhini ya mzazi au mlezi kuhusu taarifa za mtoto, na ni rahisi kuongeza swali hilo katika fomu ile ile.

Asubuhi na jioni

Watoto wengi wanatembea kwenda shuleni. Safari ikianza saa 12:00 asubuhi, kuna atakayetoka nyumbani saa 11:00 gizani. Mzazi amsindikize, au wazazi wa kijiji kimoja wapange zamu. Jioni ni vivyo hivyo: shule itume ujumbe basi likifika Maungu, wazazi wawe langoni, na hakuna mtoto anayeondoka bila mtu anayejulikana kumchukua. Watoto watatu kwenye boda boda moja baada ya siku iliyopangwa vizuri ni hatari isiyo na sababu.

Ikitokea kwamba saa 8:00 mchana imepita na basi bado liko Mombasa, kwa sababu ya ajali barabarani au gari kuharibika, mwalimu asilazimishe kurudi usiku. Kabla ya safari, shule iwe imezungumza na shule moja ya Mombasa au ya Mariakani inayoweza kuwapokea kwa dharura, na wazazi wawe wamejua mpango huo. Ile akiba iliyo ndani ya hesabu ya shilingi 33,750 ni ya mambo kama haya.

Siku za kwanza baada ya safari, risiti zote zibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule pamoja na salio. Akiba isipotumika, bodi iamue mbele ya wazazi kama itarudishwa au itawekwa kwa darasa linalofuata, na uamuzi huo uandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.